Nataka kumtumia mama shada la maua mabichi Buruburu, mimi niko Doha. Nianzie wapi?

binti_wa_mwalimu

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kwa mtu yeyote aliyewahi kutuma maua Nairobi akiwa mbali na yakafika yakiwa na hali nzuri.

Mama yangu anastaafu. Amefundisha shule ya msingi tangu kabla sijazaliwa, mwezi huu anatimiza miaka 60, na Ijumaa ya wiki ijayo shule inamfanyia sherehe ya kumuaga hapo hapo Buruburu. Mimi niko kazini Doha na likizo yangu ni Desemba. Kaka yangu yuko Lodwar, naye hapati ruhusa. Kwa hivyo siku ambayo walimu wenzake wote watakuja na watoto wao, mama atakaa mbele peke yake. Nataka apokee maua yenye jina langu.

Mwaka jana nilijaribu siku yake ya kuzaliwa. Niliagiza kwenye tovuti moja ya huku nje, picha inaonyesha waridi nyekundu 24 zimejaa mkononi, nikalipa kwa kadi. Jirani akanitumia picha ya kilichofika. Waridi 11. Nilihesabu mara tatu. Zote shingo zimeinama upande mmoja, na karatasi imelowa chini. Mama alinipigia akasema, "Mazuri sana mwanangu, asante." Namjua mama yangu. Ile ni sauti anayotumia akiletewa chai isiyo na sukari kwa watu. Sitaki kuisikia tena.

Nina shilingi 5,000, pamoja na gharama ya kupeleka. Niagize wapi, niagize lini, na nitajuaje kwamba maua ni ya leo wala si ya juzi?

ndoo_za_maua

Pole sana dada. Nauza maua hapa mjini mwaka wa tisa sasa, wacha nikueleze kilichotokea kwa sababu nimekuwa upande wa pili wa oda kama hizo.

Tovuti nyingi za nje hazina hata ua moja. Wanachukua oda yako, wanakata fungu lao, kisha wanamtafuta muuza maua wa hapa na kumtumia picha na pesa iliyobaki. Mimi huku napokea picha ya waridi 24 na pesa ambayo haitoshi 24, ukitoa karatasi, utepe na boda. Kuna wenzangu wanaojaza kwa majani, kuna wanaopunguza idadi. Mimi niliacha kuzipokea. Nilikuwa naona aibu kumpa boda kitu ninachojua mtu amelipia mara mbili ya thamani yake.

Ongea moja kwa moja na mtu atakayeshika makasi. Wauza maua wako City Market pale Muindi Mbingu, wako Westlands, wako mitaani. Mpigie simu, usiandike tu. Halafu usimtumie picha ya intaneti ukamwambia "nataka kama hii". Muulize, "Una nini kizuri wiki hii?" Anayeyajua maua yake atakujibu haraka: waridi ya rangi ya pichi imekuja nzuri, alstromeria iko, ile nyekundu usichukue, ni ya juzi. Akikujibu kwamba kila kitu kiko na kila kitu ni kizuri, tafuta mwingine.

Mwambie akutumie video ya ndoo kabla hajafunga, na akubonyezee ua lenyewe, pale chini ya petali panapounganika na bua. Pakiwa pagumu, ua ni bichi. Pakibonyea kama mkate, limekaa sana. Petali za nje zikiwa na ukijani au mkwaruzo kidogo usiogope, hizo ndizo ngao za ua, muuzaji hubandua mbili tatu na ndani pako safi.

Pesa lipa nusu kwa tili ya duka, yaani namba yao ya malipo ya M-Pesa, uangalie jina linalotokea, na nusu nyingine ukiona picha ya shada lililokamilika.

mtu_wa_donholm

Sisemi hivi kwa ubaya. 5,000 ni pesa. Maua yatakauka Jumatano. Mtumie mama hiyo pesa kwa M-Pesa anunue leso nzuri na unga, atakumbuka zaidi.

binti_wa_mwalimu

Asante kaka, na pesa nitamtumia pia. Ila wacha nieleze kwa nini maua.

Tumekulia kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mama alikuwa na mikebe ya Kimbo saba kwenye ngazi ya nyuma, kila mkebe una ua. Maji ya kusuuzia mchele yalikuwa ya maua, ukiyamwaga unaitwa. Mwaka mmoja maji yalikatika karibu mwezi mzima, tukawa tunanunua kwa mtungi, na mama bado alikuwa anatenga kikombe kimoja jioni na kukigawa mara saba. Hajawahi kununuliwa ua na mtu. Hata baba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa hayo. Ndiyo maana lile la mwaka jana liliniuma.

mtu_wa_donholm

Nimekuelewa dada. Mpelekee maua.

pakihausi_naivasha

Nimefanya kazi ya kupanga waridi kwenye shamba moja Naivasha miaka sita, kwa hivyo hizo shingo zilizoinama nazijua vizuri.

Waridi likikatwa linatakiwa liingie majini hapo hapo, na likishatoka shambani likae kwenye baridi kama ya friji. Bua likikaa kavu hata kwa muda mfupi, hewa inaingia kwenye mishipa yake, inaziba, na ukirudisha kwenye maji hayapandi tena. Kichwa ni kizito, shingo ni laini, inapinda. Watu husema ua limezeeka, kumbe mara nyingi lina kiu. Dawa yake ni kukata tena sentimita mbili au tatu kwa mshazari, kufunga shada lote kwenye gazeti ili shingo zisimame wima, na kulisimamisha kwenye ndoo yenye maji mengi kwa saa mbili tatu. Mengi huamka. Mama yako angeweza kuyaokoa yale ya mwaka jana kama mtu angemwambia.

Jambo jingine ambalo wengi hawajui: waridi zetu za kwenda nje hukatwa zikiwa bado zimefumba, kwa sababu zina safari ya ndege, mnada kule Uholanzi, duka, hadi meza ya mtu. Ukiletewa waridi la namna hiyo asubuhi ya sherehe, mama atashika matumba yaliyofumba siku nzima, na yatafunguka Jumapili hakuna mtu anayeyaona. Mwambie muuzaji ayaweke kwenye maji tangu Jumatano jioni, nje ya friji, ili Ijumaa yawe yamefunguka nusu.

Na usisisitize mabua marefu. Sisi tunapanga kwa urefu, sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, na bei inapanda na urefu. Kwa shada la kushika mkononi muuzaji ataishia kuyakata. Chukua 50, hiyo tofauti ongeza idadi ya maua.

Una bahati si Februari. Wiki ya tarehe 14 hata sisi tuliokuwa Naivasha hatukuweza kununua waridi zuri, yote yameshaitwa ng'ambo.

mwalimu_mstaafu_2019

Mwanangu, hongera kwa mama. Mimi niliagwa mwaka 2019, hebu nikwambie siku yenyewe inavyokwenda, maana hawa wote wanazungumzia maua na hakuna aliyezungumzia ratiba.

Kadi ya mwaliko itasema saa nne. Sherehe itaanza saa sita. Kutakuwa na hema uwanjani, viti vya plastiki, jua linachoma ubavuni. Wanafunzi wataimba, watakariri mashairi, mwenyekiti wa wazazi atazungumza, wawakilishi wa wizara watazungumza. Mama atavishwa yale mashada ya karatasi za kumetameta shingoni, labda saba au nane, na blanketi begani. Maua yakifika saa tatu asubuhi, saa nane yatakuwa yamelala. Yangu yalilala. Mkwe wangu aliyaleta kwa moyo safi, yakawekwa juu ya meza bila maji karibu na sahani za matunda, na jioni nikabeba majani.

Fanya hivi. Mpigie naibu wa mwalimu mkuu au mwalimu yeyote rafiki wa mama, uombe ruhusa, maana geti la shule halifunguliwi ovyo. Maua yapokelewe na yeye mwenyewe na yawekwe kwenye ndoo ya maji ndani ya stafurumu, mbali na ndizi na parachichi, matunda yanayoiva yanayafanya maua yachoke haraka. Mwanafunzi mdogo kabisa wa darasa la mama ayachukue wakati mama anapoitwa kusimama, si kabla. Muuzaji afunge pamba yenye maji chini ya mabua, kisha nailoni, ndipo karatasi.

Kwenye kadi usiandike Kiingereza cha kadi. Mwandikie unavyomwita nyumbani.

boda_jogoo_road

Mimi hupeleka mizigo Eastlands yote, maua pia. Dada, mpe muuzaji sharti hili: maua yawe ndani ya katoni ndefu iliyosimama. Nimeona mtu amefunga shada kwa mpira nyuma ya kiti kama gunia la makaa. Kutoka mjini hadi Mumias South Road pale Buruburu, upepo wa Jogoo Road unabakisha mabua.

Asubuhi magari yanaingia mjini, mimi natoka, barabara yangu iko wazi. Baada ya saa tisa usiniambie. Siku ya mvua lipa teksi.

Na namba ya simu iwe ya mtu aliye shuleni, si yako ya Doha. Nimewahi kusimama getini nikisubiri mtu wa ng'ambo aamke.

asumini_kikuba

Mimi ni wa Mombasa, niko South C sasa. Kwetu mama akiheshimiwa huvishwa asumini, kikuba chenye harufu nyumba nzima, lakini hicho hakifiki kesho. Ninachoongeza ni rangi. Hapa Nairobi ukimwambia mtu "shada", wengine wanasikia matanga. Rafiki yangu aliagiza shada jeupe kwa shangazi yake, likaja la duara na krisanthemamu nyeupe tupu, shangazi akauliza nani amekufa. Sema wazi kwamba ni la mkononi, la furaha, na uchague rangi yenye joto.

Na kama mama ana paka, usitie yungiyungi (lily). Ni sumu kwa paka, hata unga wake.

binti_wa_mwalimu

Nimerudi, ni Ijumaa usiku hapa, nimetoka kuongea naye sasa hivi.

Nilipiga simu kwa wauzaji watatu. Wa kwanza alisema kila kitu kiko. Wa pili hakushika. Wa tatu, mama mmoja wa City Market, nilipomuuliza ana nini kizuri alinyamaza kidogo akasema, "Ngoja nitoke nikaangalie," nikasikia anasogeza ndoo. Nikajua ni huyu. Tulikubaliana waridi 20 za rangi ya pichi na alstromeria za manjano, na majani ya mkaratusi. Alinibonyezea maua kwenye video moja moja bila kuombwa mara mbili. Nikilipa na boda, kwenye ile 5,000 ikabaki 600.

Yalikaa stafurumu kwenye ndoo ya kudekia, wameiosha. Sherehe ilianza saa saba kasoro. Katika picha mama amevaa kumetameta hadi kidevuni, kitoto cha darasa la kwanza kinamnyooshea shada linalokaribia kukizidi, na mbele ya gauni la mama kuna alama ya maji kwa sababu alilikumbatia kabla hawajalikausha. Waridi zimefunguka nusu, kama ulivyosema wa Naivasha. Nimeihesabu picha. Ishirini.

Mwalimu wangu wa 2019, nilimwandikia "Kwa Mamii, kutoka kwa Toto wa Ngazi ya Nyuma". Naibu anasema alisoma, akaikunja kadi, akaitia ndani ya blauzi, hakuisoma kwa maiki.

Sasa amenipigia na hakusema "mazuri sana mwanangu". Amesema, "Wewe, hizi zinashika zikipandwa?" Hana chombo cha maua, amezigawa kwenye sufuria na jagi la maji, lakini mabua mawili ameshayatenga na ametafuta mkebe. Wa Naivasha, nimjibu nini? Anasubiri.

pakihausi_naivasha

Mwambie asisubiri yanyauke. Achague bua nene kama penseli, akate kichwa cha ua, abakize urefu wa kiganja, akate chini kidogo ya kifundo cha jani. Majani ya chini atoe yote, ya juu abakize mawili. Udongo uwe na mchanga mwingi, mkebe utobolewe chini, afunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na aweke kivulini. Mengi hayashiki, kwa hivyo apande manne au matano badala ya mawili. Asivute kuangalia mizizi kabla ya mwezi na nusu.

binti_wa_mwalimu

Nimemsomea. Ameenda kutafuta mikebe mingine.