Kuzima linta SIYO kurekebisha kodi ya programu! Leo nimedhalilishwa mbele ya ofisi nzima

Mwashi wa Vitufe (mleta uzi)

Wakuu, salamu nitatoa nikishatulia. Kwa sasa damu inachemka.

Yule jamaa mnamjua. Msiniulize jina, kila ofisi ya programu hapa mjini inaye wake. Yule mkongwe ambaye hawezi kumaliza sentensi bila "mimi nilianza kuandika kodi nyie mkiwa mnavaa kaptula". Leo kanifanyia kitu ambacho nitawasimulia wajukuu, na wajukuu watawasimulia wa kwao, mpaka ukoo mzima umjue.

Iko hivi. Tuna komponenti zetu za pamoja: vitufe, visanduku vya kuandikia, madirisha ya kuthibitisha. Unaandika mara moja, kila skrini inatumia. Mojawapo ni kisanduku cha kiasi cha fedha, na hicho kisanduku kilikuwa kinatapika TS2345 kila ukijenga mradi, lile kosa la TypeScript (JavaScript yenye ukaguzi wa taipu, yaani aina za data) la taipu kutolingana. Skrini inataka namba, kisanduku kinatoa maandishi. Linta, kile chombo kinachokagua kodi na kutoa maonyo, nayo haikunyamaza, maana kuna mtu alishamwaga `any` (yaani "taipu yoyote, usikague") humo kila kona (mnamjua).

TypeScript haikuwa na kosa lolote hapo. Ndivyo kivinjari kilivyo: mtu akiandika 5000 kwenye kisanduku, kinachofika kwenye `e.target.value` ni maandishi, siku zote. Ukiyajumlisha na ada ya 200, JavaScript haijumlishi, inabandika. Elfu tano na mia mbili inakuwa 5000200. Milioni tano na mia mbili, wakuu! Mama wa watu anatuma hela ya daftari za mtoto, skrini inamwambia jumla milioni tano. Azimie palepale.

Nikakaa nayo, nikaitibu kisawasawa. Maandishi yanabaki ndani ya komponenti, yanageuzwa namba mlangoni tu, kabla hayajatoka. Koma naziondoa kwanza, kwa sababu `Number("5,000")` inakupa NaN (yaani siyo namba), na `parseInt("5,000")` ni balaa zaidi: inafika kwenye koma, inasimama, inakupa 5. Shilingi tano! Kisanduku kikiwa kitupu kinatoa `null`, hakitoi sifuri, maana aliyeandika sifuri na ambaye hajaandika kitu ni watu wawili tofauti. Nikang'oa `any` zote. Makosa hakuna, maonyo hakuna. Nikaenda kula.

Narudi, kafuta kazi yangu yote. Mahali pake kuna hiki:

`onChange(e.target.value as any)`

Na juu kabisa, mstari wa kwanza wa faili: `/* eslint-disable */`, yaani ESLint, linta yetu, isikague chochote humu. Hajazima kanuni moja, hajazima mstari mmoja. Faili zima kaliziba mdomo, kisa toleo linatakiwa kutoka saa kumi. Gari likiwasha taa ya oili, huyu anabandika plasta juu ya taa na kutangaza kwamba injini imepona.

Lakini hata hilo ningemeza. Sikilizeni alichoandika kwenye grupu la kazi, mhasibu akiwemo, watu wa masoko wakiwemo, mlinzi wa getini akiwemo:

"Dogo anapenda sana mistari myekundu, apelekwe akasahihishe mitihani ya darasa la saba."

Na imoji za kucheka mpaka machozi.

NA BOSI AKAWEKA GUMBA.

Akasahihishe mitihani ya darasa la saba! Mimi! Niliyemwokoa asiwaombe wateja milioni tano! Halafu gumba juu yake!

---

Kiroboto wa Konsoli

Pole mkuu. Swali dogo: kama lazima azibe, kwa nini hakutumia `@ts-expect-error`, yale maoni ya kuiambia TypeScript ivumilie kosa la mstari unaofuata? Ipo tangu TypeScript 3.9, mwaka 2020. Ile `@ts-ignore` inanyamaza milele hata kosa likishaondoka, lakini hii ukirekebisha kosa yenyewe inakuja juu: "hapa hakuna kosa tena, niondoe". Na linta unaizima mstari mmoja, kwa jina la kanuni, na sababu unaandika pembeni. Aliyefunga faili zima hajui anaficha nini humo ndani.

---

Babu Semikoloni

Povu lote hili kwa sababu ya gumba? Kijana, kunywa maji.

---

Mwashi wa Vitufe

Babu, wewe hukuwepo. Hukuona mhasibu anavyonitazama. Nimepita mapokezi, dada wa pale ananiambia "mwalimu shikamoo". MWALIMU SHIKAMOO. Saa mbili tu zimepita na jina limeshashika!

---

Chausiku wa Gridi

Mleta uzi, wa kwenu ana huruma. Wa kwetu alizima `exhaustive-deps`, kanuni ya linta inayodai utaje kila kitu ambacho `useEffect` inategemea. Kuna komponenti ya kuonyesha taarifa za mteja, ndani yake `useEffect` (kodi ya React, maktaba ya kujengea skrini, inayorudia kazi vitegemezi vyake vikibadilika) inavuta miamala. Linta ikasema wazi: namba ya mteja haimo kwenye orodha ya vitegemezi, iweke. Yeye akaona ni usumbufu, akaandika maoni ya kuizima, akaenda zake.

Matokeo: unafungua mteja wa kwanza, sawa. Unabonyeza wa pili, jina juu linabadilika, miamala chini inabaki ya yule wa kwanza. Mtu anasoma hela za jirani yake chini ya jina lake! Na ukifungua ukurasa upya kila kitu kinakuwa sawa, kwa hiyo ukimwita aje aone, haoni kitu. Akaniambia nina mawenge.

---

Mtemi wa Dedilaini

Ngoja niwe wa kwanza kusema ukweli. Mteja hajui taipu ni nini. Mteja anataka kitufe kibonyezeke. Huyo mkongwe ametoa kazi saa kumi, wewe ungetoa keshokutwa ukiwa bado unabishana na `null`. Haya mambo ya linta ni fasheni ya watoto wa juzi.

---

Mwashi wa Vitufe

Watoto wa juzi?! Linta ya kwanza aliiandika Stephen C. Johnson pale Bell Labs mwaka 1978, kwa ajili ya lugha ya C. Huyo mkongwe wenu hakuwa hata amezaliwa! Na kitufe kinabonyezeka ndiyo, kinabonyezeka kinamwomba mama wa watu milioni tano na mia mbili. Kazi yangu ilikuwa IMEKWISHA, Mtemi. Imekwisha, iko safi, nikaenda kula. Nikarudi nikakuta darasa la saba.

---

Babu Semikoloni

Mwalimu kakasirika jamani, kaeni kimya, atatoa adhabu.

---

Bi Mdogo wa Fremu

Shikamoo mwalimu, naomba ruhusa nikachote maji 😂

Lakini kwa kweli mimi nina langu. Kwetu vitufe vyote ni `div` (maboksi matupu ya HTML, siyo vitufe halisi) zenye `onClick`. Linta ya upande wa wenye ulemavu, ile `jsx-a11y`, ilikuwa inasema kila siku: hapa hapafikiki kwa kibodi. Wakaiondoa kwenye mradi, eti inachafua ripoti. Tuna mwenzetu haoni, anatumia programu ya kumsomea skrini. Anafika kwenye fomu ya likizo, programu inamsomea neno "Tuma" kama maandishi ya kawaida, hasikii kwamba ni kitufe, Tab inaparuka. Mtu mzima na akili zake anaomba mwenzake ambonyezee ombi la likizo. Ungeweka `button` halisi, kivinjari kinakupa Tab, Enter na nafasi bila kuandika hata herufi moja ya ziada. Hili linaniuma kuliko gumba, nisamehe mleta uzi.

---

Chausiku wa Gridi

Bi Mdogo, umenigusa. Na komponenti ikishakuwa ya pamoja, kosa hilo liko kwenye kila skrini ya ofisi nzima.

---

Kiroboto wa Konsoli

Ila ukirekebisha pale pamoja, skrini zote zinapona kwa mkupuo. Ndiyo maana inauma mtu akikataa.

---

Jongoo 404

Hamjaona kitu nyie. Nani kakutana na lile kosa linalosema taipu `ReactNode` (chochote React inachoweza kuonyesha) haiwezi kuwekwa mahali pa `ReactNode`? Jina lilelile! Herufi zilezile! Nilidhani nimerogwa. Nimefuta mradi nikaushusha upya, bado. Nimezima kompyuta nikaiwasha, bado.

---

Kiroboto wa Konsoli

Hujarogwa mkuu. Una nakala mbili za `@types/react`, kifurushi cha taipu za React: maktaba yako ya komponenti imebeba toleo lake na mradi una lake. Kwa TypeScript hizo ni taipu mbili tofauti zenye jina moja. Andika `npm ls @types/react` utaziona zote mbili. Kwenye maktaba, React iweke kama kitegemezi rika (peer dependency), yaani mradi ndio uilete, usiibebe ndani. Kisha `npm dedupe` iondoe nakala za ziada.

---

Jongoo 404

NIMEZIONA. Mbili kweli, moja ya 18 na moja ya 19. Kiroboto Mungu akubariki, nilikuwa nakaribia kutafuta mganga.

---

Mtemi wa Dedilaini

Mnaona sasa? Kazi ya siku nzima kwa ajili ya jina. Ningeweka `any` nikalala.

---

Mwashi wa Vitufe

Kumbe ni wewe! Mtemi, sema ukweli, ni wewe uliyeandika kwenye grupu?! Maana hiyo "nikalala" ni kauli yake kabisa. Aliisema Ijumaa!

---

Mtemi wa Dedilaini

Mimi niko Mwanza kaka. Kila mtu anasema "nikalala".

---

Fundi Mabano

Kwa kuwa mmegusa matoleo, nani aliyepona ESLint 9? Tangu ile Aprili 2024 waliposema faili la zamani la mipangilio, `.eslintrc`, halisomwi tena lenyewe, inabidi uandike `eslint.config.js`, mimi sijaona amani. Nusu ya programu jalizi zikagoma. Nikipandisha toleo kila kitu kinakuwa chekundu, nikishusha linta inaniambia nimepitwa na wakati.

---

Chausiku wa Gridi

Acha hiyo, unasemaje kuhusu `children`, yale yanayowekwa ndani ya komponenti? Tulipohamia React 18, `React.FC` (taipu ya komponenti) ikaacha kuyapokea bila kutajwa, komponenti za ofisi nzima zikalala chali siku moja. Kila moja ikabidi uandike mwenyewe kwamba inapokea watoto.

---

Bi Mdogo wa Fremu

Wa kwetu alitatua hilo kwa `any` 😭

---

Mwashi wa Vitufe

Jamani turudini kwenye mada. GUMBA. Nimeenda kumuuliza bosi uso kwa uso, anasema hakusoma, aliweka gumba kwa sababu ujumbe ulikuwa na imoji akadhani ni habari njema. Yaani nimedhalilishwa kwa bahati mbaya! Na kisanduku bado kina `as any` mpaka dakika hii, nimejaribu kwenye mashine yangu, elfu tano na mia mbili bado inasoma 5000200.

---

Kiroboto wa Konsoli

Andika jaribio moja tu: weka 5,000 kwenye kisanduku, tarajia jumla 5200. Liweke lizuie kodi isiingie tawi kuu. Akifuta tena, mashine ndiyo itamkatalia. Siyo wewe.

---

Mwashi wa Vitufe

Nimeshaanza kuliandika. Na jina la jaribio nimeliita "darasa la saba".

---

Jongoo 404

Samahanini nje ya mada kidogo. Kila nikishusha `node_modules` (folda ya vifurushi vya mradi) upya bando linaisha. Nyie mnatumia mtandao gani majumbani?

---

Fundi Mabano

Tumia `pnpm`, inaweka nakala moja ya kila kifurushi kwenye kompyuta na miradi yote inachota hapo. Bando langu siku hizi linafika mwisho wa wiki.

---

Babu Semikoloni

Bando lifike, umeme je? Kwetu umekatika tangu asubuhi, hapa natumia simu.

---

Bi Mdogo wa Fremu

Kwetu pia! Uko mtaa gani Babu?

---

Mwashi wa Vitufe

Jamani, jaribio limepita!! Upande wangu linapita, na kodi yake LINAIKATAA. Mtemi uko wapi?

---

Jongoo 404

Mwenye laptopu ya RAM 16 kwa bajeti ya laki sita na nusu anicheki inbox. Hii yangu nikifungua mradi na kivinjari kwa pamoja inapiga kelele hadi jirani anagonga ukuta.

---

Mtemi wa Dedilaini

Ninayo moja, betri imechoka ila inafanya kazi ukiwa umechomeka. Uko Dar?

---

Babu Semikoloni

Muulize kwanza kama ni SSD.