Naombeni ushauri: FRS au GMRS?

Njia_Panda: Wakuu habari. Niko Marekani, tunasafiri familia nzima, magari mawili, kwingine simu hazishiki. Nataka redio za upepo. Aina mbili za redio hizo, FRS na GMRS, zote zina chaneli 22, namba zilezile. Tofauti nini? Haraka tafadhali, hata usingizi sipati.

Mkongwe27: FRS haina leseni, mwisho wati 2, chaneli 8 hadi 14 nusu wati tu, antena haing'oki. GMRS unalipa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, dola 35 kwa miaka 10, hakuna mtihani, familia inaingia humo humo. Baadhi ya chaneli zinaruhusu hadi wati 50, na ripita unatumia, ule mtambo unaopokea sauti na kuirusha mbali zaidi. Ila sisi wa CB, aina nyingine ya redio za upepo, chaneli 40, wati 4! Siku mawimbi yakiruka unamsikia mtu wa jimbo la mbali, jirani humpati.

MamaWawili: Familia moja magari mawili ya nini? Punguzeni mabegi.

Antena_Fupi: Safari ya wapi, mkuu?

Njia_Panda: Kwani inahusu?

Antena_Fupi: Sana. Taja nchi.

Njia_Panda: Uingereza. Ila GMRS za wati 5 nimeshanunua na leseni nimelipia. Nitaweka zile namba za siri za kwenye menyu, nani atanisikia? Nimezijaribu na mke wangu hapa mjini, gari kwa gari, maili 35 kama boksi lilivyoandika. Sauti safi.

Antena_Fupi: Leseni ya FCC haivuki bahari. Na hizo namba zinakuzuia wewe kusikia wengine, wao wanakusikia kama kawaida. Kule redio za namna hii ni PMR446: nusu wati, chaneli 16, bila leseni. Zako ziko megahezi 462 na 467, huna ruhusa nazo kule.

Kimya_Kingi: Maili 35 mjini, redio ya mkononi? Namba hiyo ni ya mmoja kileleni, mwenzake bondeni, katikati hakuna hata mti. Mjini ukipata maili mbili shukuru. Hii chai.

MamaWawili: Mimi weka sukari kidogo.

Njia_Panda: Nimeuliza tofauti, sikuja kuhojiwa! Nusu wati itafika wapi? Naenda nazo hizi hizi. Kuzirudisha dukani haiwezekani, mke hajui kama nimenunua.

Kimya_Kingi: Sasa kwenye lile gari la pili alikuwa nani?