Mafundi, acheni kukimbilia kupiga Windows upya kabla hamjaangalia hata waya

Wakuu, heshima kwenu. Nitasema moja kwa moja maana jambo hili limenikaa kooni. Hii tabia ya fundi kupokea kompyuta ya mtu, kuitazama dakika mbili na kutangaza kwamba "Windows imekufa, tunapiga upya", yaani anafuta diski na kusakinisha Windows mpya, imeumiza watu wengi mno, na mimi nimechoka kuinyamazia.

Kilichonileta hapa ni kompyuta ya dada yangu. Dada ni mwalimu. Mashine yenyewe ni ya mezani, ina umri kidogo lakini nzima. Ikaanza kumgomea kwenye intaneti: karibu kila tovuti anayofungua inamwambia muunganisho si salama, barua pepe hazifunguki, na wakati huohuo simu zote za humo ndani, kwenye rauta ileile, zinaperuzi bila tatizo. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akasema virusi vimekula Windows, dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Dada akauliza kazi zake zitakuwaje. Akaambiwa asiwe na wasiwasi. Akarudishiwa kompyuta safi, tupu. Mitihani aliyoitunga miaka nenda miaka rudi, maandalio ya masomo, orodha za maksi, vyote vimefutwa.

Akafika nyumbani, akaichomeka, akawasha. Tatizo ni lilelile!

Nikaenda kuiangalia mwenyewe. Hata kabla Windows haijapanda, kwenye skrini nyeusi yanatokea maandishi kwamba CMOS, ile kumbukumbu ndogo ya saa na mipangilio ya kompyuta, ina hitilafu, bonyeza F1 kuendelea. Ikishawaka, pale chini kulia tarehe inasoma miaka mingi nyuma. Basi. Hivyo ndivyo "virusi" vyenyewe.

Kwa asiyejua: kwenye ubao mama wa kompyuta kuna kibetri bapa cha duara, mara nyingi kimeandikwa CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea na kutunza mipangilio ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, wakati mashine haina umeme. Kikiisha, kila ukichomoa waya ukutani saa inarudi nyuma. Sasa, tovuti zenye ile alama ya kufuli zina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko miaka kumi iliyopita inaona cheti bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Na ina haki ya kukikataa. Kwa fundi ilionekana imepona kwa sababu alipoweka Windows mpya aliweka na saa. Ilipochomolewa ili irudishwe nyumbani, ikasahau tena. Nimebadilisha kibetri, nimeweka tarehe, na mpaka naandika hapa tovuti zinafunguka zote.

Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwenye skrini. Umeandikwa! Mtu anayejiita fundi aliusoma au hakuusoma, akabonyeza F1, akaendelea na safari yake ya kufuta kazi za mtu. Angeangalia saa tu, kitu ambacho hata mtoto anaweza kuangalia, leo nisingekuwa naandika uzi huu.

Nimejaribu kurudisha mafaili. Hapa naomba kila mtu asome vizuri, maana ndipo watu wanapoliwa mara ya pili. Diski ya kawaida ikifomatiwa haraka, kinachofutwa kwanza ni ile orodha inayoonyesha faili gani liko wapi. Data yenyewe bado ipo, inasubiri kuandikiwa juu. Kwa hiyo yapo matumaini, ila ukishaweka Windows mpya, ukaweka na programu zako na muziki wako juu yake, unakuwa umezika sehemu kubwa ya ulichotaka kukiokoa. Mimi nimepata baadhi ya mafaili yakiwa yamepoteza majina, na mengine ukiyafungua unaona alama zisizosomeka kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Na kama diski ni SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mfumo huiambia SSD isafishe sehemu zilizofutwa, na zikishasafishwa hakuna programu ya kuzirudisha. Likikukuta, zima mashine palepale, usiendelee kuitumia, na usisakinishe programu ya kuokoa data kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa.

Msije na kisingizio kwamba Windows isipowaka hakuna namna ya kutoa mafaili. Ipo. Unachukua flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, Ubuntu kwa mfano, unawashia kompyuta kwenye hiyo flashi bila kusakinisha chochote, unafungua diski ya mteja, unakopi folda zake kwenye diski ya nje. Au unachomoa diski unaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Kama imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, mwenye mashine anahitaji ule ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, kwa hiyo mwulize. Hayo si maarifa ya ndani sana. Ni kazi ya lazima kwa mtu yeyote anayelipwa kugusa kompyuta ya mwenzake.

Na si kompyuta ya dada peke yake. Kuna laptopu ya rafiki yangu aliyeambiwa kibodi imekufa, inunuliwe nyingine. Ukibonyeza herufi haitoki, ila ukiishikilia kidogo inatoka. Kibodi iliyokufa haitoi herufi kwa masharti! Windows ina kitu kinaitwa Filter Keys, kimewekwa kwa ajili ya watu ambao mikono yao inatetemeka, kinachopuuza herufi zilizobonyezwa haraka. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde 8, kompyuta inauliza kama ukiwashe, na mtoto akigonga Enter, tayari. Kukizima ni vilevile: shikilia Shift ya kulia sekunde 8, au ingia kwenye mipangilio. Kuna na wale wenye laptopu ndogo ambazo nusu ya herufi zinageuka namba. Hiyo ni Num Lock imewashwa, bonyeza izimike.

Mwingine mashine ilikuwa ikiwashwa inasema haioni mfumo wa kuwakia. Fundi kaandika diski mbovu. Flashi ilikuwa imeachwa imechomekwa nyuma na BIOS ilikuwa imepangwa kuanza na flashi. Kuichomoa tu, Windows ikapanda.

Hivi kweli ni vigumu kuchomoa kila kilichochomekwa, ukabaki na kibodi na kioo, halafu ukajaribu tena?

Kuzima na kuwasha nako kunafanywa nusu nusu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye mashine nyingi ukibonyeza Shut down kompyuta haizimiki moja kwa moja kama zamani. Programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa kama waifai na printa, vinahifadhiwa kwenye diski ili siku ya pili iwake haraka. Kwa hiyo kama draiva ya waifai imekwama, utazima na kuwasha wiki nzima na itaamka imekwama vilevile. Bonyeza Restart, hiyo ndiyo inayoanza upya kweli. Au shikilia Shift unapobonyeza Shut down. Nimeona matatizo ya sauti, ya waifai na ya printa yakiisha kwa Restart moja baada ya mtu kuapa kwamba ameshazima na kuwasha. Hakusema uongo. Hakuna aliyemweleza, na fundi anayepaswa kumweleza anakimbilia flashi yake ya kusakinishia.

Kioo cheusi huku taa zinawaka? Angalia waya wa kioo umekaa sawa pande zote mbili, na umechomekwa kwenye kadi ya picha kama mashine inayo, si kwenye ubao mama. Angalia kioo kimewekwa kupokea HDMI au VGA. Laptopu isiyowaka kabisa, toa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, rudisha chaja, jaribu. Inapiga milio na haionyeshi kitu, chomoa umeme, toa RAM, yaani kile kipande cha kumbukumbu ya muda kilichochomekwa kwenye ubao mama, ifute, irudishe mpaka isikike inakaa. Sauti haitoki, angalia isije ikawa imeelekezwa kwenye kioo kwa njia ya HDMI. Printa haichapi, kuna kazi imekwama kwenye foleni. Simamisha huduma ya Print Spooler, futa vilivyomo kwenye folda ya PRINTERS ndani ya System32\spool, iwashe tena. Katika yote haya hakuna hata moja linalogusa faili la mtu.

Uzito wa kompyuta ndio ugonjwa mafundi wanaoupenda kuliko yote, kwa sababu ndipo kupiga Windows kunapoonekana kumefanya kazi. Bila shaka itakuwa nyepesi! Umeondoa programu zote zilizokuwa zinajiwasha zenyewe asubuhi. Ungezizima tu: bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda sehemu ya Startup, zima zisizohitajika. Hapohapo ungeona kama diski imebanwa kwa asilimia 100, kama RAM imejaa, au kama ni programu moja inayokula kila kitu. Ungeangalia nafasi iliyobaki kwenye C. Ungesikiliza feni. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na vumbi lililoziba feni halitoki kwa kufomati. Miezi michache baadaye programu zimerudi, vumbi lipo palepale, mteja naye amerudi na kilio kilekile, na fundi anafuta tena.

Linalonitisha zaidi ni diski inayokufa. Mashine inaganda, inatoa sauti za kugonga ndani, mafaili yanakataa kukopika. Hapo fundi anafomati! Diski mgonjwa unailazimisha ifutwe na kuandikwa upya kwa masaa, wakati ilikuwa na nguvu ya mwisho ya kusomwa. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakuonyesha afya ya diski ukifungua tu. Ikisema hali mbaya, kazi ya kwanza na ya pili na ya tatu ni kutoa data. Windows itasubiri.

Sikatai, zipo siku Windows inakuwa imeharibika kweli. Hata hapo kuna ngazi za kupanda kabla ya kufuta. Iwashe kwenye Safe Mode, ambapo Windows inawaka na vitu vya msingi tu. Rudisha mipangilio ya mfumo ya siku za nyuma kwa System Restore kama ilikuwa imewashwa. Endesha amri ya sfc /scannow irekebishe mafaili ya mfumo yaliyoharibika. Ikishindikana, Windows 10 na 11 zina njia ya kujisakinisha upya huku zikibakiza mafaili binafsi ya mtumiaji. Programu zitaondoka, lakini picha na kazi zake zinabaki. Ni mafundi wangapi wanamwambia mteja kwamba hiyo njia ipo? Wengi wanaweka Windows ya kuiba, na kuiwezesha wanaweka kikorokoro ambacho kwanza kinadai antivirusi izimwe. Mtu aliyepeleka mashine kwa sababu ya "virusi" anarudi nyumbani na mlango uko wazi.

Na nyie mnaojibu maswali humu, niwaseme na nyie. Mtu anaandika "kompyuta yangu haina sauti", jibu la kwanza: piga Windows. "Waifai haionekani", piga Windows. "Herufi zinaandika namba", piga Windows. Hamjauliza ilianza lini, kabla ya hapo alisakinisha nini, je ilijiapdeti jana, tatizo lipo kwenye kila programu au moja tu, simu nayo inapata mtandao au haipati. Maswali hayo yanapunguza tatizo nusu kabla hujagusa kitu. Kama hujui, pita kimya. Kuna mtu atakuamini na kufuta picha za wanawe kwa sababu ya ushauri wako wa maneno mawili.

Ninachotaka kwa mafundi kinajulikana. Soma kilichoandikwa kwenye skrini. Anza na waya, saa, Restart na vilivyochomekwa. Usifute chochote mpaka umeshatoa nakala ya mafaili na mwenye mashine ameyaona kwa macho yake kwenye diski nyingine na kukubali. Mwandikie ulichokuta kibaya na ulichofanya. Na wewe mwenye kompyuta, usiiache dukani kabla hujapata jibu la swali moja: mafaili yangu utayaweka wapi kabla hujaanza?

Waliofutiwa kazi zao kwa tatizo ambalo baadaye liligundulika kuwa dogo, wekeni hapa tatizo lilikuwa nini, ili mwingine akiliona alitambue. Mafundi wenye hoja pia karibuni tubishane. Ila asije mtu kuniambia kupiga Windows kunaokoa muda, maana kubadilisha kile kibetri na kurekebisha saa hakukuchukua hata muda wa Windows yenu kumaliza kujisakinisha.

Nawasilisha.