Naomba ushauri: nina pumu, niko mwaka wa kwanza chuoni, sijui nianzie wapi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Niko chuo hapa Dodoma, nyumbani ni Tanga. Nina pumu tangu utotoni, na kusema kweli mama ndiye aliyekuwa akiiuguza kuliko mimi. Tarehe za kliniki anazijua yeye, dozi anazijua yeye, hata daftari la hospitali analo yeye, kabatini pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta pampu tu.

Sasa vumbi la huku halina simile. Pampu ya bluu, ile ya salbutamol ya kufungua kifua, nilizoea kuitumia mara mojamoja, lakini wiki hii naivuta karibu kila usiku. Ya kahawia, ya kuvuta kila siku hata kama huna dalili, iliisha mwezi uliopita nikaacha kununua kwa kuwa nilijiona mzima. Najua, msinigombeze.

Bima ya wanafunzi ya NHIF nimelipia 50,400 ila kadi bado. Zahanati wakaniambia nirudi nikiwa nayo.

Je, nimwone daktari sasa kwa pesa ya mfukoni (boomu, yaani hela ya mkopo wa chuo, halijaingia), au nisubiri kadi? Nikianzia zahanati, rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa naiombaje? Na wenzangu wa chumbani niwaambie? Tuko sita, naona aibu, lakini nikibanwa usiku ni wao watakaonikuta.

Mama sijamwambia. Akijua tu, kesho yake yuko kwenye basi.