Mashine ya presha ya nyumbani: bar ngapi zinatosha, na maji yanatoka simtanki?

Mdau_Kibada
Wakuu, naomba ushauri kabla sijaenda Kariakoo. Natafuta mashine ya kuoshea ya presha kwa matumizi ya nyumbani tu: gari dogo moja kila wiki, pevingi za uani kama mita za mraba 80 zilizoota ukungu wa kijani upande wa kivulini, na ukuta wa uzio mara moja kwa mwaka. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, yanapandishwa kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 3. Kutoka hapo nina mpira wa nusu inchi, mita 20. Madukani naona zimeandikwa bar (kipimo cha presha) 100, 130, 150 mpaka 200, wati kuanzia 1,400. Wauzaji wote wanasema chukua yenye bar nyingi. Zinatosha ngapi hasa? Na kitu gani kinaziua mapema, maana kwenye vibanda vya mafundi zimejazana?

Pistoni_Tatu
Mkuu, anza na maji, bar zitafuata. Pampu ya mashine hizi ina pistoni ndogo tatu zinazosukumwa na sahani iliyoinama. Kila mzunguko inadai kiasi kilekile cha maji, yawepo yasiwepo. Yakipungua inavuta utupu, maji yanatoa viputo humo ndani, na viputo vinapopasuka vinakula valvu na sili. Utasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, na mkondo unadundadunda badala ya kutoka sawia. Nyingi unazoziona kwa mafundi zimefia hapo, wala si kwa sababu bar zilikuwa chache.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua ndoo ya lita 10 uijaze kwa mpira uleule utakaotumia, koki wazi kabisa, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60 una lita 10 kwa dakika, sawa na lita 600 kwa saa. Halafu angalia kibandiko cha mashine. Ikisema lita 420 kwa saa inataka lita 7 kwa dakika, nawe uwe na ziada ya robo hivi, yaani 9. Mnara wa mita 3 unakupa bar 0.3 tu, na mpira wa nusu inchi wa mita 20 unamaliza karibu yote kwa msuguano. Wa robo tatu inchi, urefu uleule, unapitisha karibu mara tatu ya maji hayo. Huo mpira ni muhimu kuliko tofauti ya bar 130 na 150.

Sasa bar. Kwenye kibandiko kuna namba mbili: presha ya juu kabisa na presha ya kazi. Dukani wanakusomea ya kwanza. Mashine iliyoandikwa 130 kwa kawaida inafanya kazi kwenye 90 hadi 110. Hivyo hivyo kwenye lita, kuna kiwango cha juu na cha kazi. Ukiona imeandikwa psi, gawa kwa 14.5 upate bar. Kwa gari, bar 100 ni nyingi tayari. Kwa pevingi zenye ukungu tafuta 120 hadi 140 za kibandiko, lita zisizopungua 400 kwa saa. Bar zinabandua uchafu, lita ndizo zinazouondoa. Mashine ya bar nyingi na maji kiduchu inachora mistari kwenye sakafu huku tope likibaki palepale. Hizo za "200" zenye mota ya wati 1,400 usizipe muda wako, nguvu hiyo haiwezi kutoa presha hiyo pamoja na lita za maana.

Uliza pia kichwa cha pampu ni cha nini: plastiki, aluminiamu au brasi. Kwa maji yako ya chumvi, aluminiamu inaota unga mweupe na kuliwa pale oringi (pete za mpira za kuzuia maji yasivuje) zinapokaa. Brasi inavumilia. Plastiki nzuri hailiwi na chumvi, lakini inapasuka ukiiacha na presha juani.

Volti_230
Naunga mkono hapo juu, niongeze upande wa umeme.

Kuna mota za aina mbili. Yenye kaboni brashi ni nyepesi, inapiga kelele kama grainda, inazunguka kasi sana, na kaboni zinaisha. Nyingine haina kaboni, ni ya kapasita (kifaa cha chaji kinachoisaidia mota kuanza), nzito, inanguruma chini, inadumu zaidi. Njia rahisi ya kuzitambua dukani ni kuinua: mbili za wati sawa, moja ikiwa nzito waziwazi, hiyo ndiyo ya kapasita. Omba iwashwe pia, masikio yatakuambia.

Wengi watakushauri ya kapasita bila masharti. Mimi naweka sharti moja: pima umeme wako jioni. Mtaa ambao volti zinashuka hadi 190, mota ya kapasita inaweza kunguruma bila kuzunguka, na ikikaa hivyo sekunde chache tu waya za ndani zinaungua. Ya kaboni itazunguka kinyonge lakini itazunguka. Umeme wako ukiwa 220 hadi 240 muda wote, chukua ya kapasita. Ukiwa na umeme mdogo, osha asubuhi au chukua ya kaboni ukubali kelele.

Ekstensheni ndiyo muuaji wa pili. Mashine ya wati 1,800 inavuta karibu ampea 8 ikiwa kazini, na wakati wa kuwaka mara kadhaa ya hizo. Waya mwembamba wa 0.75 mm² wa mita 30 unapoteza volti zaidi ya 12 kwenye ampea 8, na wakati wa kuwaka hasara ni kubwa zaidi. Tumia waya wa 2.5 mm² wenye nyuzi tatu (erthi iwepo kweli, siyo pini ya mapambo), uukunjue wote, kwa sababu ukiuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake unapata moto. Afadhali mpira wa maji uwe mrefu na waya uwe mfupi. Soketi ilindwe na swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Na maungio ya ekstensheni yasilale sakafuni penye maji, yatundike.

Gharama ya umeme wa LUKU isikutishe: wati 1,800 kwa saa nzima ni uniti 1.8, na gari halichukui saa.

Cabro_Mombasa
Huku kwetu hizo pevingi twaziita cabro, na unyevu wa pwani ukungu hauishi, kwa hivyo hili ni la kila mwaka.

Ukungu usiuendee mkavu kwa presha. Fagia kwanza mchanga na majani. Mwagia maji, piga dawa ya ukungu au maji yaliyochanganywa na jiki kwa bomba la mkono la kupulizia, subiri dakika 15 bila kuacha pakauke, kisha ndipo uwashe mashine. Jiki isiingie kamwe kwenye chupa ya sabuni ya mashine wala kupita ndani ya pampu, inakausha oringi na kula chemchemi za valvu. Wala usiichanganye na asidi ya kusafishia choo, hewa yake ni sumu.

Nozeli (vichwa vya kutolea maji) zenye rangi ni hivi, kwa nyuzi za upana wa mkondo: nyekundu ni 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu itoe uifungie kabatini, inachimba saruji na kukata ngozi. Cabro tumia kijani, umbali wa sentimita 20 hadi 30, ukiielekeza kwa kulala. Ukipiga wima kwenye maungio, mchanga wote unaruka na matofali yanaanza kucheza. Hata ukiwa mwangalifu mchanga kiasi utatoka, kwa hivyo weka akiba ya mchanga mlaini uliokauka uufagilie kwenye maungio pakishakauka. Ile nozeli ya kuzunguka inafanya kazi haraka lakini kwenye matofali yaliyochakaa inaacha alama za duara. Ijaribu pembeni kwanza. Mita 80 zenye ukungu mzito zigawe siku mbili, mashine za daraja hili hazipendi kukimbizwa saa tano mfululizo. Pumzisha kila nusu saa.

Gari: nyeupe, sentimita 30 au zaidi. Matairi vilevile usiyasogelee, ubavu wa tairi unaweza kuumia usione leo. Injini usiiguse. Sabuni inavutwa tu ukiwa na nozeli nyeusi au ukilegeza ile ya kugeuza hadi presha ndogo, na hapa ndipo watu hupeleka mashine kwa fundi wakisema "haivuti sabuni" ilhali wako kwenye presha kubwa. Paka sabuni kutoka chini kwenda juu, suuza kutoka juu kwenda chini.

Na ndala hapana. Vaa buti. Mkondo ukitoboa ngozi, hata kitundu kidogo kisichotoa damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, maji na uchafu vimeshaingia ndani ya nyama.

Mdau_Kibada
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimepima ndoo: lita 10 kwa sekunde 95. Pia nielezeni matunzo ya kila siku, na lile tatizo la mashine kujiwasha na kujizima yenyewe bila kugusa bastola (mshikio wa kupigia maji) ni nini?

Pistoni_Tatu
Sekunde 95 ni lita 6.3 kwa dakika. Haitoshi hata mashine ya lita 420. Badilisha mpira uwe wa robo tatu tangu kwenye simtanki, na maungio yake yasiwe na njia nyembamba ndani, kisha pima tena.

Kuwasha, fuata utaratibu huu bila kuruka: funga mipira yote, fungua koki, minya bastola mashine ikiwa imezimwa mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa, ndipo uwashe, bado umeminya. Mota inaanza bila mzigo. Kuzima: zima swichi, chomoa, funga koki, minya bastola presha itoke, weka loki. Presha iliyobaki ndani ndiyo inayovimbisha mpira na kupasua vichwa vya plastiki.

Kwa kuwa maji yako yana chumvi, maliza kila kazi kwa ndoo ya lita 20 ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba la DAWASA au ya mvua. Mashine nyingi zinavuta zenyewe kutoka kwenye ndoo iliyo usawa wake, lakini jaza mpira wa kuvutia maji kwanza. Kisha chomoa mpira wa kuingiza, washa sekunde 5 tu maji yaliyobaki yatoke, zima. Chujio dogo la kwenye mlango wa maji livute kwa koleo, lisuuze kila baada ya matumizi matatu au manne. Kwa kisima chenye mchanga ongeza chujio la nje, lile la kikombe kinachoonyesha ndani. Oringi zipake grisi ya silikoni. Mashine isikae zaidi ya mwezi bila kuzungushwa kidogo, sili zinagandana na pistoni.

Kujiwasha na kujizima: mashine hizi zina swichi inayozima mota presha ikijaa ukiachia bastola. Presha ikivuja popote, inashuka, mota inawaka tena. Tafuta hivi. Kausha maungio yote kwa kitambaa, washa, achia bastola, angalia wapi panalowa. Panapolowa, badilisha oringi. Hapalowi popote na nozeli inadondosha, ubaya uko kwenye valvu ya bastola. Kote kukavu kabisa, valvu ya kuzuia maji yasirudi ndani ya pampu ina mchanga au imelika. Hiyo inafunguliwa, inasafishwa, chemchemi inaangaliwa. Ukinunua bastola au mpira wa akiba, jua kwamba maungio ya M22 (ya skrubu ya milimita 22) yana pini ya ndani ya milimita 14 na nyingine ya 15. Zinafungika zote, ila zikichanganywa zinavuja hata ukaze kwa spana.

Presha ikishuka polepole miezi kadhaa bila kuvuja, shuku nozeli kabla ya pampu. Tundu likipanuka kipenyo kwa asilimia 10 tu, bar 130 zinakuwa kama 90. Nozeli ni bei ndogo, ibadilishe kwanza. Presha ikidundadunda, ni hewa au uchafu kwenye valvu. Matone machache kwa dakika chini ya pampu si kitu, yakiwa mfululizo sili za maji zimechoka. Pampu yenye dirisha la oili, ukiona oili imekuwa kama maziwa, maji yameshaingia, usiendelee kuiwasha.

Volti_230
Ikinguruma bila kuzunguka: zima papo hapo, minya bastola, jaribu tena mara moja. Ikikataa na umeme uko sawa, badilisha kapasita yenye maikrofaradi zilezile na volti 450. Fundi aitoe chaji kwanza, hata ikiwa imechomolewa inapiga.

Mdau_Kibada
Mpira wa robo tatu umefungwa. Ndoo sekunde 34.

Pistoni_Tatu
Lita 17 na ushee. Nenda Kariakoo. Bar 130, lita 420, kichwa cha brasi, na uondoke na oringi za akiba pamoja na nozeli moja ya kijani.