Nani aliondoa tundu la njano kwenye TV? Deki nzima, kanda nzima, picha HAKUNA

Wakuu, mnisamehe nitafoka kidogo.

Nina deki ya mzee, VHS, na kanda moja ya harusi ya wazazi wangu. Moja tu, haina nakala. Nimeitoa deki kabatini, nimepangusa vumbi, ikameza kanda bila shida na ule mlio wake wa krrrr tuliokua nao. Shangazi zangu watatu wameshakaa kwenye kochi, miwani usoni, wanataka kujiona walivyosakata ngoma siku ile.

Nikageuza TV nyuma. HDMI tatu, USB mbili, antena, na katundu kamoja kadogo ka duara nikadhani ni ka hedifoni. Njano ya picha hakuna. Nyekundu na nyeupe za sauti hakuna. TV mpya hiyo!

Nikajipa moyo, deki si ina tundu la antena? Zamani ulikuwa unachomeka waya, unatafuta chaneli ya deki, picha inakaa. TV ikatafuta mpaka asilimia 100: chaneli sifuri. Kumbe inapokea dijitali tu, na deki inarusha analojia. Ningetafuta mpaka kiama. Shangazi mkubwa akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, una hakika hiyo deki umeiwasha?"

Nikakimbilia dukani. Nikaeleza vizuri, natoka deki naenda TV. Muuzaji akanipa kiboksi, akaapa kinafanya kote kote. HAKIFANYI. Nimehangaika nacho saa nzima ndipo nikakisoma mgongoni: HDMI2AV. Yaani kinaingiza HDMI na kutoa AV, yale matundu ya rangi; hicho ni cha mwenye kifaa kipya na TV ya chogo. Mimi nilihitaji AV2HDMI. Viboksi vyenyewe kwa sura ni mapacha, matundu yale yale, tofauti ni mpangilio wa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Ewe muuzaji, kama hujui si useme hujui?

Sasa sikieni kilichonichoma zaidi. Kale katundu ka duara si ka hedifoni! Ndiyo AV yenyewe. Imeandikwa pembeni, herufi nyeusi juu ya plastiki nyeusi, nimeiona kwa tochi ya simu huku shavu limegusa ukuta. Kitabu cha maelekezo kina mstari mmoja tu: tumia waya wa AV, haumo kwenye boksi. Waya gani? Hawasemi. Na hizo waya zenye kichwa kimoja upande huu na rangi tatu upande ule hazifanani ndani. Niliazima ya kamera ya jirani, nikachomeka njano kwa njano kama mtu mwenye akili timamu, nikapata mngurumo wa nyuki. Nilipohamishia njano ya deki kwenye NYEKUNDU, bibi harusi huyo akatokea! Rangi hazina maana yoyote, mnaelewa?

Na msiniambie deki ni za enzi za Nuhu. VHS imeanza 1976, na Funai wa Japani walikuwa bado wanatengeneza deki mpaka Julai 2016. Watu wamerekodi harusi, mazishi na ubatizo miaka yote hiyo, halafu kwenye boksi la TV hakuna hata sentensi moja ya kumwambia mnunuzi kwamba matundu yale hayapo.

Picha ikaja imetanuliwa ijae skrini pana. Shangazi mdogo akaruka: "Mimi sikuwa mnene hivi!" Nikaiweka 4:3, umbo la TV za zamani, akatulia.

Ila tatizo limebaki, na ndilo lililonileta hapa. Kanda imechakaa pale pale kwenye ngoma. TV ya chogo ingeonyesha chenga kidogo na kuendelea. Hii mpya, mawimbi yakiyumba tu, inakata kila kitu na kuweka rangi ya bluu na maneno "Hakuna mawimbi". Muziki unakatika, shangazi wanapotea, wanarudi wakiwa wameshakaa chini. Mara nne tumerudisha nyuma, mara nne bluu.

Kuna anayejua kuzima hiyo bluu? Kwenye menyu sijaiona. Au nikinunua kiboksi sahihi cha AV2HDMI kitavumilia mawimbi mabovu kuliko TV yenyewe? Aliyewahi kujaribu kwa mkono wake ajibu, siyo wa "peleka kwa fundi". Shangazi wanarudi Jumapili.