Manahodha wa faiba pale Magogoni, injini kubwa siyo ruhusa ya kukata watu mbele!

Wakuu, leo nimejaa mpaka hapa. Nawasema manahodha wenzangu wa boti za faiba, hizi za fiberglass, mnaopita mlango wa bandari ya Dar, kati ya Magogoni na Kigamboni. Hasa nyie vijana wa injini mbili mbili.

Asubuhi natoka, nimeshika kulia kwangu, mwendo wa pole maana pantoni inavuka. Anatokea mmoja kushoto kwangu, mbio, ananikata mbele, halafu ananipigia kelele: "Oya mzee, sogea!" Nisogee wapi, nipande mwamba? Ukikiona chombo cha injini kulia kwako na njia zenu zinakatana, wa kupisha ni wewe. Punguza moto, au kata kulia umpitie nyuma. Mbele yake hupiti. Haijalishi una HP 40 au HP 200.

Shida naiona, wengi mmehamishia barabara majini. Nchi kavu tunaendesha kushoto, basi mtu akikamata usukani anakumbatia kushoto. Kwenye mkondo mwembamba ni kinyume, kila mtu anashika kulia kwake. Mkikutana uso kwa uso, wote mnakata kulia, mnapishana kushoto kwa kushoto. Sasa mwenzio akikata kulia na wewe ukakata kushoto, mnavaana huku kila mmoja anaamini amempisha mwenzie.

Na honi mnaijua ya kuitia abiria tu. Mlio mmoja mfupi maana yake nakata kulia, miwili nakata kushoto, mitatu injini inasukuma nyuma. Mitano ya haraka haraka ni kwamba sikuelewi unataka kufanya nini. Mimi leo nimepiga mitano, jamaa akanipungia mkono!

Kinachoniuma zaidi ni pale sokoni Feri. Watu wanashusha samaki, mchukuzi yuko ndani ya maji mpaka kiunoni, beseni kichwani. Boti inapita karibu kwa kasi, wimbi linakuja nyuma yake, kijana anayumba, beseni hilo majini. Samaki wa watu, na yeye ndiye atakayelipishwa. Aliyepiga wimbi hata shingo hageuzi. Mwendo salama siyo ule ambao boti yako inaweza, ni ule unaokuwezesha kusimama kabla hujagonga, na usioumiza walio pembeni.

Wavuvi nao wasicheke. Ni kweli ngalawa ya tanga tunaipisha sisi wa injini. Lakini meli kubwa ikiingia na rubani wa bandari ndani na tagi, zile boti za kuvutia meli, zinaivuta, haina pa kukwepea, kina chake ni humo humo katikati. Chombo chenye urefu wa chini ya mita 20 hakitakiwi kuizuia, cha tanga pia, na anayevua pia. Halafu mtu anatandaza nyavu katikati ya mkondo, meli ikipiga honi anaikunjia ngumi. Unagombana na chuma ambacho hata kikizima injini sasa hivi kitaendelea kukufuata!

Usiku ndiyo sisemi. Taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe juu, ndiyo mwenzio ajue unamjia au unamwacha. Nyie mnamulika tochi ya simu mkishaona mtu yuko hatua kumi. Nitajuaje umeelekea wapi?

Najua watakuja wa "mzee, hizo sheria ni za meli". Soma kanuni ya kwanza kabisa ya kuzuia migongano baharini, ya mwaka 1972. Inasema vyombo vyote, kwenye bahari kuu na maji yote yanayoungana nayo ambayo meli za baharini zinaweza kupita. Mlango wa Magogoni umo, na kifaiba chako kimo. Anayebisha aje na hoja, matusi abaki nayo huko huko.